Balansi ya raketi: kwa nini raketi mbili zenye uzito mmoja hazizunguki sawa

#1 KortiNyekundu (mleta uzi)

Wadau wa tenisi Nairobi, naleta uzi huu kwa sababu kuna swali linalorudi kila wikendi pembeni mwa korti: "Raketi yangu gramu 300, yako gramu 300, mbona yako nyepesi?" Anayeuliza huwa ameshaazima raketi ya mwenzake, ameizungusha hewani mara mbili tatu, na ameanza kushuku kwamba dukani alipewa kitu kingine. Mara nyingi duka halina kosa. Gramu zile ni za kweli, ila zimekaa mahali tofauti kwenye fremu.

Nianze na balansi, halafu nifike kwenye jambo ninaloliona kubwa zaidi, ambalo kwa kawaida halichapishwi kwenye fremu.

Balansi ni pale ambapo ukiiegemeza raketi juu ya kitu chembamba inatulia bila kuangukia upande wowote. Raketi ya kawaida ya mtu mzima ina inchi 27, yaani sentimita 68.6 hivi, kwa hiyo katikati yake ni sentimita 34.3 kutoka kitako cha mpini. Ikitulia hapo, tunasema balansi yake iko sawa. Ikitulia karibu zaidi na mkono, tuseme sentimita 32, ina kichwa chepesi. Ikitulia juu ya katikati, sentimita 35 au 36, ina kichwa kizito. Wamarekani huhesabu kwa pointi, na pointi moja ni sehemu ya nane ya inchi, karibu milimita 3.2. Ukisoma mtandaoni kwamba raketi fulani ina kichwa chepesi kwa pointi 4, jua inatulia kwenye sentimita 33 hivi.

Kuipima ni kazi ya dakika mbili. Laza penseli ya mviringo juu ya meza, kisha weka raketi juu yake ikikatiza, penseli ikiwa chini ya shingo, pale fremu inapogawanyika mikono miwili. Isogeze kidogo kidogo mpaka kichwa na kitako vyote viachane na meza. Weka alama ya kalamu kwenye mkono mmoja wa shingo, halafu pima kutoka kitakoni kwa utepe wa fundi nguo. Usipime kwa kuegemeza kwenye kidole, kidole ni kinene na kitakudanganya nusu sentimita, na kwa raketi nusu sentimita ni nyingi.

Sasa tahadhari. Namba iliyoandikwa kwenye fremu, kama 320 mm, kwa kawaida ni ya raketi isiyo na nyuzi. Nyuzi zina gramu 15 hadi 18 na zote ziko kichwani, kwa hiyo zikishafungwa balansi inapanda karibu sentimita nzima. Ukivalisha ovagripu (utepe laini unaozungushwa juu ya gripu ya mpini) ya gramu 5 inashuka tena milimita 3 au 4. Ndiyo maana mtu akisoma 320 kwenye fremu, kisha akapima nyumbani akapata 327, hajakosea na kiwanda hakijamdanganya.

Tukishaelewana hapo, jambo lenyewe ni hili. Shika jembe mwishoni mwa mpini ulizungushe, kisha lishike karibu na chuma ulizungushe tena. Jembe halijapungua hata gramu, ila mara ya kwanza bega limelalamika na mara ya pili halikusikia kitu. Ugumu huo wa kuzungusha hupimwa, na kipimo chake ni swingiweti. Kila kipande cha raketi huhesabiwa uzito wake mara umbali wake kutoka kwenye mhimili, na umbali huo unazidishwa kwa wenyewe. Mhimili umekubaliwa kuwa sentimita 10 kutoka kitakoni, karibu na mahali mkono unaposhika. Raketi za watu wazima zinazouzwa madukani, zikiwa na nyuzi, nyingi ziko kati ya 280 na 340, uzito ukihesabiwa kwa kilo na umbali kwa sentimita.

Kile kitendo cha kuzidisha umbali kwa wenyewe ndicho kinachoamua kila kitu. Bandika gramu 3 kwenye ncha ya kichwa, sentimita 58 kutoka kwenye mhimili, na swingiweti inapanda kama 10. Mkono uliozoea raketi yake utalisikia hilo kwenye mpira wa kwanza. Bandika gramu hizo hizo ubavuni mwa kichwa, kulia na kushoto, inapanda 5 hivi. Zitie ndani ya kitako cha mpini, haipandi hata 1.

Lakini balansi imebadilika katika hali zote tatu! Hapo ndipo watu wanapopotea. Mtu anaongeza uzito mpinini, anapima, anaona kichwa kimekuwa chepesi kwa pointi 3, anafurahi. Kisha anaingia kortini na forihendi (mpigo wa upande wa mkono ulioshika raketi) inachelewa vile vile. Vipimo vya penseli vimesogea, kazi ya bega haijapungua hata kidogo.

Mfano unaojulikana ni ile Wilson ya Roger Federer yenye kichwa cha inchi 97 za mraba. Bila nyuzi ina gramu 340 na inatulia sentimita 30.5, kichwa chepesi kweli kweli. Ukiisoma kwa balansi peke yake utasema hii itaruka mkononi. Ikifungwa nyuzi swingiweti yake ni karibu 335, juu kuliko raketi nyingi za gramu 300. Wapo wanaoinunua kwa sababu ya jina, wanaishika dukani, wanaona imetulia vizuri mkononi, halafu kufikia seti ya pili bega limechoka.

Kwa hiyo ombi langu kwa yeyote anayenunua, iwe dukani, iwe mtumba: uliza au pima mambo matatu pamoja, uzito, balansi na swingiweti, raketi ikiwa na nyuzi na gripu kama utakavyoichezea. Balansi ikiwa peke yake haitoshi kukuambia raketi itazungukaje.

#2 KortiNyekundu

Naongezea kuhusu mpigo wenyewe, maana namba bila mpira hazina maana.

Raketi yenye kichwa kizito na swingiweti ya juu huanza safari yake kwa uzito, ila ikishashika mwendo inajipeleka. Inapokutana na mpira hairudishwi nyuma kirahisi. Anayepiga kwa mzunguko mfupi, mzee wa dabo za jioni (wawili kwa wawili) kwa mfano, anapata nguvu bila kujitutumua. Anayoyalipa ni haya: anatakiwa aanze kuivuta nyuma mapema zaidi, mpira ukimjia mwilini hana nafasi ya kuigeuza, na kwenye voli za ghafla, yaani kupiga mpira kabla haujagusa chini, kichwa kinafika baada ya mpira kupita.

Raketi ya swingiweti ya chini inafika popote haraka. Voli ni tamu, topspini (kuuzungusha mpira kuelekea mbele ili uanguke ndani) ni rahisi kwa sababu kichwa kinapanda kwa kasi. Ila ukikutana na mtu anayepiga mpira mzito, fremu inapinda mkononi, mpira unaanguka mfupi, na wewe unaanza kupiga kwa hasira ili ufidie. Hapo kiwiko kinaingia kwenye hatari. Msimu wa mvua za Aprili kwenye korti zetu za udongo mpira unajaa unyevu na tope, na ndipo wenye raketi nyepesi sana wanapoteseka.

Dalili moja ya kuangalia kwa wanaotumia mkono wa kulia: forihendi zako za kukatisha korti zilikuwa zinaingia seti ya kwanza, na kuanzia katikati ya seti ya pili zinaanza kutoka nje upande wa kulia. Miguu iko sawa, jicho liko sawa, ila mkono umechoka kukileta kichwa mbele kwa wakati, na uso wa raketi unakutana na mpira ukiwa bado umefunguka. Hiyo ni swingiweti iliyozidi uwezo wako wa saa hiyo. Kocha anaweza kukusahihisha mpaka jua lizame, tatizo litarudi.

#3 MtumbaToi

Asante sana ndugu, uzi umekuja wakati wake. Nilichukua raketi ya mtumba pale soko la Toi, fremu safi, haina ufa, bei ya kumaliza kesi. Ila kichwa kinavuta. Nimepima kama ulivyoeleza kwa mizani ya jikoni na penseli: gramu 289 ikiwa na nyuzi, inatulia sentimita 35.2. Kocha wangu ananiambia nitie uzito mpinini ili kiwe kichwa chepesi. Nitie kiasi gani?

#4 KortiNyekundu

Karibu ndugu. Umepima vizuri. Hiyo ni raketi ya kichwa kizito, karibu pointi 3. Fremu nyepesi nyingi hutengenezwa hivyo kwa makusudi: kiwanda kikipunguza gramu, kinabaki na raketi inayosukumwa na mpira, kwa hiyo kinapeleka uzito uliobaki kichwani ili ibaki na kishindo. Wilson ilisukuma sana mtindo huo miaka ya 1990 kwa zile Hammer zake.

Ukitia gramu 12 mpinini, sentimita 8 kutoka kitakoni, utakuwa na gramu 301 na balansi itashuka hadi 34.1, yaani iko sawa. Kwa penseli utaona mafanikio. Kwa mpigo, swingiweti itabaki pale pale ilipokuwa. Faida utakayoipata ni nyingine, nayo si ndogo: uzito ulio karibu na mkono hutuliza mtetemo, fremu inakuwa tulivu zaidi unapogusa mpira, na kiwiko kinashukuru. Kwa hiyo kocha hakukosea, ila kama lengo lako ni kuacha kuchelewa, dawa hiyo haitibu ugonjwa huo.

Kinachoweza kupunguza swingiweti ni kutoa uzito ulio mbali na mkono. Kwenye raketi ya mtumba anza kwa kukagua mwenye raketi wa kwanza alifanya nini. Angalia chini ya ile plastiki ya kulinda ncha ya kichwa kama kuna vipande vya utepe wa risasi, ile metali nzito, wanaoubandika watu kuongeza uzito. Angalia ubavuni ndani ya kichwa, kati ya matundu ya nyuzi. Angalia kama fremu imefunikwa utepe wa kuzuia mikwaruzo. Kisha angalia nyuzi zenyewe: nyuzi nene za poliesta zinaweza kuzidi nyuzi nyembamba kwa gramu mbili hivi, na gramu mbili zilizotawanyika kichwani ni vitengo vitatu vinne vya swingiweti.

#5 MzeeWaVoli

Vijana, nimesoma kwa makini na nina neno. Sisi tulianza na raketi za mbao, gramu karibu 400, kichwa kidogo kama sahani, na tulicheza. Hakuna aliyepima kwa penseli. Siku hizi naona mtu amekuja kortini na mizani kwenye begi lakini miguu haijui kujipanga. Angella Okutoyi alipochukua ubingwa wa dabo za wasichana Wimbledon mwaka 2022 na mwenzake wa Uholanzi, kilichompeleka pale ni mipira elfu na elfu aliyopiga tangu utotoni hapa Nairobi. Mfundisheni mtoto mpigo kwanza.

#6 KortiNyekundu

Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe kwa jambo la miguu, na wala sitaki mtu asome uzi huu akadhani gramu 3 zitamfundisha kujipanga.

Ila nadhani raketi zenu za mbao zinaunga mkono ninachosema. Raketi ile ilikuwa nzito mno kupigwa kwa mkono na kifundo peke yake, kwa hiyo mlijifunza kuivuta nyuma mapema, kugeuza bega lote, na kuiacha iende mwenyewe hadi mwisho. Fremu ndiyo iliyowafundisha mpigo mrefu. Kijana wa leo aliyejifunza kwa raketi ya gramu 260 anaweza kupiga akiwa amechelewa, akaokoa mpira kwa kifundo, na hakuna kitu kitakachomkemea mpaka kiwiko kitakapouma. Raketi na mpigo vinafundishana. Ndiyo maana naona inafaa mtu ajue alichoshika.

Na wale wa juu kabisa wanapima kweli kweli. Pete Sampras alikuwa akibandika utepe wa risasi kwenye raketi zake, na leo mafundi wanaowahudumia wachezaji wa kulipwa kazi yao kubwa ni kuhakikisha raketi zote za mchezaji mmoja zinalingana kwa uzito, balansi na swingiweti, ili akivunja nyuzi katikati ya gemu ashike ya pili bila mkono kujua tofauti.

#7 MzeeWaVoli

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye mpigo mrefu umesema kweli, tulikuwa hatuna namna nyingine. Na viwiko vyetu vilikuwa salama, nimelifikiria hilo sasa.

#8 PwaniNaBara

Mimi kazi hunipeleka Mombasa mara kwa mara na hucheza kote kuwili. Raketi ile ile, nyuzi zile zile, Nairobi mpira unatoka nje nyuma, Mombasa unaanguka katikati ya korti. Nilifikiri ni mimi. Je, nibadilishe balansi nikiwa kule?

#9 KortiNyekundu

Si wewe, ni hewa. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa ni nyepesi, kwa hiyo mpira haupunguzwi kasi kama kule pwani, na hata topspini haiukandamizi chini kwa nguvu ile ile. Shirikisho la tenisi la dunia lina mipira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219, na sisi tumeupita mstari huo kwa mbali. Ukicheza Nairobi kwa mipira ya kawaida iliyotoka kwenye mkebe sasa hivi, inaruka.

Hili linagusa mada yetu hivi. Hapa juu mpira unakufikia mapema kidogo na ukiupiga unakwenda mbali zaidi, kwa hiyo unachohitaji ni muda na mzunguko wa mpira, nguvu unayo tayari. Kuongeza uzito kichwani Nairobi ili upate nguvu ni kununua kitu ambacho hewa inakupa bure. Mimi ningebaki na swingiweti ambayo naweza kuiharakisha mpaka mwisho wa seti ya tatu, na nyuzi ningezikaza zaidi kidogo kuliko za Mombasa.

Ukishuka pwani usiiguse fremu, mkono utachanganyikiwa kila safari. Legeza nyuzi kilo moja au mbili, au beba raketi ya pili inayolingana na ya kwanza kwa kila kitu ila kukazwa kwa nyuzi. Kama bado mpira ni mfupi kule, gramu 2 ubavuni mwa kichwa kila upande zitasaidia kuliko ncha: swingiweti inapanda 7 tu na raketi inakuwa ngumu kupinda mpira ukigonga pembeni.

#10 MhandisiJioni

Nimefurahia uzi huu. Nina njia ya kuonyesha jambo la mleta uzi bila mashine ya kupimia, maana mashine ya swingiweti si kitu cha kila fundi.

Chukua raketi mbili za urefu mmoja, uzito mmoja na balansi moja. Kama hazilingani, ongeza plastisini mpinini mpaka zilingane. Pitisha spoki ya baiskeli kati ya nyuzi za katikati, chini kabisa ya ncha ya kichwa, raketi ining'inie kwenye spoki mpini ukitazama chini. Fanya vivyo hivyo kwa ya pili, pembeni yake. Zivute zote upande mmoja kiasi kidogo, ziachie kwa pamoja, ziache zibembee.

Mwanzoni zinakwenda pamoja. Baada ya bembea kumi na kitu utaona moja inaanza kubaki nyuma, na kufikia thelathini zinaweza kuwa zimeachana wazi kabisa. Inayobaki nyuma ndiyo yenye swingiweti kubwa, uzito wake umesukumwa mbali, kichwani na kitakoni. Inayotangulia uzito wake umejikusanya katikati. Kwa mizani na penseli hizo raketi zilikuwa mapacha.

Hii inafanya kazi tu kama uzito na balansi vinalingana. Vikitofautiana, muda wa kubembea unachanganya mambo mawili na utahitaji kanuni ya hesabu. Na tumia ubembeaji mdogo, ukiivuta sana juu muda unabadilika.

#11 KortiNyekundu

Mhandisi, ahsante kwa moyo wote. Hii ya spoki nitaionyesha watu. Ni nadra kupata njia ya kuliona jambo hili kwa macho.

#12 MamaWawili

Habari zenu. Mimi si mchezaji, ni mzazi. Mwanangu ana miaka tisa, anafanya mazoezi Jumamosi asubuhi. Shangazi yake alimletea raketi ya watu wazima kutoka ng'ambo, akasema atakua aifikie. Mtoto anaishika juu sana, karibu na shingo, na kocha anamgombeza. Je, balansi inahusika na hili?

#13 KortiNyekundu

Dada, inahusika moja kwa moja, na tafadhali mwambie kocha amwache mtoto kwanza. Mtoto anaposhika juu anaipunguza swingiweti kwa njia pekee aliyo nayo. Anasogeza mkono karibu na kichwa, ule umbali unapungua, na kwa kuwa umbali unazidishwa kwa wenyewe, nafuu anayoipata ni kubwa. Mwili wake umefanya hesabu sahihi. Shida ni kwamba akizoea, kifundo na kiwiko vitajifunza mpigo usio wake, na kumwondolea baadaye ni kazi kubwa.

Mtoto wa miaka tisa wengi wanaenda vizuri na inchi 25. Akifika kumi au kumi na moja, inchi 26. Na ujue kwamba katikati nayo inahama: raketi ya inchi 25 katikati yake ni sentimita 31.75, kwa hiyo mtu akikupimia akapata 33 asikwambie ina kichwa chepesi kwa kulinganisha na za wakubwa. Kwa urefu huo ni kichwa kizito. Raketi nyingi za bei nafuu za watoto ziko hivyo.

Jaribio la nyumbani: mwambie ashike mwishoni mwa mpini, anyooshe mkono mbele usawa wa bega, aishikilie kichwa kikiwa mbele, huku mnaongea mambo mengine. Kichwa kikianza kushuka kabla hamjamaliza hadithi, bado ni kubwa kwake. Hiyo ya shangazi iwekeni kabatini, siku yake itafika.

#14 MamaWawili

Ubarikiwe kaka. Kocha nitamweleza kwa upole. Nilikuwa naona mtoto mkaidi kumbe mkono ndio unaokataa.

#15 GripuTatu

Swali dogo. Mimi nikichoka na ovagripu huvalisha mpya juu ya ya zamani, inakuwa laini. Sasa ziko tatu. Naharibu kitu?

#16 KortiNyekundu

Gramu 15 hivi umeziongeza mkononi. Kwa raketi ya gramu 315 inayotulia sentimita 33, balansi imeshuka hadi karibu 31.9, zaidi ya sentimita nzima. Kwa kuizungusha, hakuna mabadiliko. Ubaya uko kwenye unene: mpini umenenepa, vidole havifungi vizuri, unakaza mkono ili raketi isiteleze, na mkono uliokazwa hauzunguki kwa uhuru hata raketi ikiwa nyepesi namna gani. Vua zote, valisha moja. Kama uliupenda utulivu wa ule uzito wa mkononi, badilisha gripu ya chini uweke ya ngozi, inaweza kuongeza gramu 10 hivi bila kunenepesha mpini.

#17 MtumbaToi

Wadau narudi na majibu. Nimempelekea fundi wa nyuzi ile raketi ya Toi. Chini ya plastiki ya ncha hakukuwa na risasi. Ila kwenye kichwa, juu ya rangi, kulikuwa na utepe mweusi wa kuzuia mikwaruzo, umezungushwa tabaka mbili, unafanana na fremu kiasi kwamba sikuuona. Umebanduliwa. Sasa ni gramu 284, inatulia sentimita 34.6. Nimecheza nayo jana jioni. Forihendi inafika. Kwenye voli bado naona inayumba kidogo mpira ukija kwa nguvu. Na kiwiko kinanikera kidogo, tangu kabla ya hii raketi. Sasa nifuate ushauri wa kocha wa kutia uzito mpinini?

#18 KortiNyekundu

Sasa ndiyo, ushauri wa kocha umepata mahali pake. Hebu tazama kilichotokea: gramu 5 zimetoka kwenye ncha, swingiweti imeshuka kama 16. Balansi imesogea milimita 6 tu. Ungeangalia penseli peke yake ungesema ni mabadiliko madogo, lakini mkono umekwambia ni raketi nyingine.

Kwa kiwiko na kuyumba, fanya hivi kwa hatua. Kwanza gramu 8 hadi 10 mpinini, chini ya gripu, karibu na pale kidole cha shahada kinapokaa. Tumia plastisini au vipande vya mpira kwa majaribio, funga gripu juu yake, cheza wiki mbili. Mtetemo utapungua. Kama voli bado inayumba, gramu 1 kila ubavu wa kichwa, kulia na kushoto, si zaidi, swingiweti itapanda 3 au 4 tu. Kwa majaribio bandika kipande kidogo cha plastisini kwa utepe wa umeme, ukishaipima kwa mizani ya jikoni, ndipo ununue utepe wenyewe.

Ukiamua kutumia risasi, ifunike yote kwa utepe mwingine, nawa mikono ukimaliza, na usiiache mahali watoto wanafika, risasi ni sumu. Upo utepe wa tangisteni unaofanya kazi ile ile bila hatari hiyo, bei yake iko juu.

Na kama kiwiko kinauma hata ukiinua kikombe, simamisha yote, muone daktari kwanza.

#19 MtumbaToi

Nimekuelewa. Plastisini ipo nyumbani, naanza na gramu 8 leo. Nitaleta namba hapa.

#20 MzeeWaVoli

Mwanangu, nina raketi ya mbao bado iko juu ya kabati, kwenye fremu yake ya kubana. Jumamosi naileta kortini pamoja na penseli. Mhandisi, nawe uje na spoki yako.

#21 MhandisiJioni

Nitakuja, mzee. Ila ya mbao tutaihitaji hesabu, maana hakuna ya kisasa itakayolingana nayo kwa uzito. Naleta kalamu na karatasi.